Mkojo Ambao Hakuna Aliyeuagiza

Sista anayeshika wodi ya wanawake siku hizi ameniomba niwaandikie wasaidizi wapya mambo ya kazi. Nilimwambia mimi niliachia darasa la nane, na kuandika si kazi ya kila mtu. Akasema, "Mama Nafula, si wewe ndiye ulikuwa na zile daftari?" Ni kweli. Miaka yote ya kazi nilikuwa nikiandika jioni mistari miwili mitatu ya siku. Nilikuwa nasahau haraka. Tena mtu akinilaumu, nilitaka niwe na mahali pa kuangalia kama ana haki. Mara nyingi alikuwa nayo.

Nimestaafu miezi mitatu sasa. Ya kupandishwa cheo hayatachukua nafasi hapa. Nitaandika juu ya mkojo, kwa sababu ndio kitu nilichobeba zaidi maishani mwangu kuliko hata watoto wangu. Mkojo nilioubeba asubuhi moja uliumiza watu wawili. Mmoja alikufa. Wa pili hakuwa hata mgonjwa. Kama nimekosea mahali, aliyekuwepo anisahihishe.

Niliingia hospitali hiyo, hapa Kitengela, kama mfagiaji. Jina lake sitaliandika, na siku hizi ina wenyewe wengine. Tulikuwa tunakaa Noonkopir, chumba kimoja, mume wangu akifanya kazi kiwanda cha simenti. Siku ya kwanza nilipewa gambuti za mwanaume, nikawa natembea wodini kama bata. Mama mmoja aliyekuwa ameshonwa tumbo aliniomba nipite njia nyingine, akasema kucheka kunamuuma.

Mwaka wa pili Sista Njoki alinitoa kwenye ufagio akanifanya msaidizi wa wodi. Alikuwa mama mrefu wa Nyeri ambaye hakupaza sauti hata mara moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitutia hofu. Alinifundisha kutandika kitanda mtu akiwa ndani, kugeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, kulisha mtu asiyetaka kula. Kuchukua mkojo alinifundisha siku nzima. Mwoshe mgonjwa kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kwanza uende. Shika wa katikati. Funika mkebe, andika jina ukiwa bado mkononi, peleka maabara.

"Lini, sista?"

"Saa hiyo. Si ukimaliza kutandika, si ukinywa chai. Mkojo ukikaa unakuwa kitu kingine."

Naandika hayo ili mjue nilifundishwa vizuri. Yaliyofuata hayakutoka kwake.

Baada ya miaka kadhaa, mzee mmoja wa wodi ya wanaume alikufa. Ugonjwa ulianzia kwenye figo ukaingia kwenye damu, na hakuna aliyekuwa amemwangalia mkojo. Mwenye hospitali aliita mkutano akiwa amekasirika, akatoa amri. Kila mzee anayelazwa, kila mwenye mpira wa mkojo, na kila anayeanza kuchanganyikiwa, mkojo wake uwe umepimwa kabla daktari hajaanza raundi. Simlaumu. Yule mzee alikufa kweli, na ukiwa umeshaona kifo cha aina moja unajenga ukuta upande huo.

Hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilianza saa kumi na moja asubuhi. Kufikia saa kumi na mbili na nusu trei ilikuwa imejaa mikebe, kumi na tano, wakati mwingine ishirini, imepangwa kwenye dirisha linaloangalia mashariki kwa sababu meza nyingine hatukuwa nayo. Jua lilikuwa linaipiga sawasawa. Maabara walikuwa wanafungua saa mbili. Kabla hawajafungua nilikuwa natumbukiza vile vijiti vya kupimia, vyenye viraka vya rangi. Kiraka kikigeuka zambarau au waridi naandika kwenye karatasi, naweka juu ya faili, daktari anakuta kila kitu tayari.

Sasa hebu fikirini. Wanawake ishirini kwa saa moja na nusu, nitaosha nani? Niliacha kuosha. Wa kwanza, wa katikati, wa mwisho, yote niliweka mkebe mmoja. Kwa asiyeweza kuinuka nilimimina kutoka kwenye kopo la haja. Kwa mwenye mpira nilifungua mfuko kule chini, ambako mkojo umelala tangu jana. Chupa ya vijiti nilikuwa natembea nayo mfukoni bila kifuniko ili nisichelewe, na nilikuja kujua baadaye sana kwamba vikipata unyevu vinadanganya. Labda niliambiwa mapema nikasahau. Nimetafuta kwenye daftari, sijaona.

Kila Mmaasai anajua maziwa ya kibuyuni si yale yaliyotoka kwa ng'ombe asubuhi. Mimi Mbukusu nilidhani mkojo ni mkojo.

Kijana wa maabara alinibandika jina Mama Mkojo. "Mama Mkojo, leo umevuna magunia mangapi?" Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilijivunia. Madaktari wageni walikuwa wanashangaa wodi yetu ilivyo na majibu mapema hivyo. Kijiti kikibadilika rangi, daktari anaandika UTI, yaani ugonjwa wa njia ya mkojo, sindano ya antibiotiki inaanza. Wengine sindano iliwatoa vipele. Wengine iliwaharisha mpaka tukawawekea maji ya mshipa. Tulisema ni bahati mbaya. Sikumbuki hata siku moja mtu akiuliza kama huyo mama alikuwa amelalamika mkojo unamchoma.

Sasa nafika kwa koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi.

Ulikuwa mwaka wa ukame, ng'ombe wamekonda mpaka unahesabu mbavu ukiwa barabarani. Aliletwa kutoka nje kidogo ya Kajiado, bibi wa Kimaasai mwenye shanga nyingi na macho ya kucheka. Alikuwa anamfukuza mwanambuzi mlangoni akajikwaa, akavunjika mkono. Mtoto wake Lemayian alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, alikuwa na bima, ndio wakaja kwetu. Aliyekaa naye ni mke wa Lemayian, Naserian, msichana mwembamba aliyekuwa akiongea polepole kama anayepima kila neno.

Nilimsalimu na ile Maa kidogo niliyo nayo. "Takwenya, koko."

"Iko," akajibu, akaangalia mkebe mkononi mwangu, akasema kitu.

Naserian akatafsiri. "Anauliza mkojo wake unataka wa nini. Kilichovunjika ni mkono."

"Mwambie ni sheria ya hapa."

Koko alisema maneno marefu kidogo. Naserian akaficha mdomo na shuka. "Anasema kama hata huku Kitengela mmekauka hivyo, basi ng'ombe wetu wamekwisha."

Kijiti cha siku hiyo hakikubadilika rangi. Akapigwa plasta, akabaki aangaliwe siku mbili tatu kwa sababu ya umri.

Asubuhi ya tatu Naserian alinikuta kwenye mlango wa wodi nikiwa na trei yangu. "Mama Nafula, koko hayuko sawa. Ananiita jina la dada yake aliyekufa. Na anashika kichwa, hivi." Akaweka kiganja juu ya sikio. "Siku ile alipoanguka alijigonga hapa pia kwa jiwe la mlangoni. Alisema si kitu, ni mkono tu."

"Sawa mama," nikamwambia, "nitamwambia daktari."

Mtu aliyechanganyikiwa, sheria ilisema mkojo. Nikaenda kwa koko na kopo la haja, sikumwosha, nikamimina kwenye mkebe, nikauweka dirishani na wenzake. Nilipokuja kuupima jua lilikuwa juu. Kijiti kiligeuka zambarau, na waridi juu yake.

Daktari Otieno alifika raundi saa mbili na nusu. Alikuwa kijana, na siku hiyo alikuwa peke yake kwa wodi mbili na foleni ya nje ilikuwa imefika kwenye geti. Msiseme hakujali. Alimshika koko tumbo, akamwangalia ulimi, akauliza kama ameshawahi kuwa hivyo. Naserian alikuwa ameenda kufua, hakukuwa na wa kujibu kwa Maa. Nikampa karatasi yangu. Akaisoma.

"UTI. Wazee wakipata UTI wanaanza hivi hivi." Akaandika sindano. Halafu akaniangalia. "Mama, kuna kitu kingine?"

Nikasema, "Hapana, daktari."

Nimejaribu kukumbuka kwa nini. Sikuwa nimesahau kabisa, neno lilikuwa mahali fulani. Lakini jibu lilikuwa limeshapatikana, na mimi ndiye niliyekuwa nimelileta. Daftari ya siku hiyo inasema hivi: Kitanda cha sita, koko, mkojo mbaya, dawa imeanza. Mvua hakuna. Neno kichwa halimo.

Jioni Lemayian alikuja na dada yake mkubwa, Resiato, ambaye ameolewa pale pale karibu na kwao. Sista wa zamu akawaambia mama ana UTI imemchanganya akili, atapona. Resiato akauliza UTI inatoka wapi. Sista akajibu vile tunavyojibu kila siku, kwamba ni usafi, ni maji, ni kubana mkojo. Alijibu kwa nia nzuri.

Resiato akamgeukia Naserian. "Wifi, kwani huko mnaosha mbuzi mnaacha watu?"

Naserian aliangalia sakafu.

Lemayian, mbele ya wagonjwa wote, akamuuliza mke wake, "Ulikuwa unamwosha mama namna gani?" Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mimi nilikuwa kitanda cha saba nabadilisha shuka, na nikaendelea kubadilisha.

Siku ya pili ya sindano koko alianza kuharisha. Siku ya tatu hakuamka kula. Tukasema dawa inahitaji muda. Kila asubuhi nilichukua mkojo tena, na kila asubuhi rangi ilikuwa ile ile, kwa hivyo tulikuwa na kitu cha kusubiri. Mtu akiwa na jibu mkononi hatafuti lingine. Siku ya tano asubuhi Sista Njoki alimfungua macho akaona mboni moja imepanuka kuliko ile nyingine. Ndio nikamwona Sista Njoki akikimbia, mara ya kwanza na ya mwisho. Waliitisha ambulensi ya kwenda Nairobi. Koko alikufa kabla haijafika getini. Kwenye karatasi ya kifo waliandika UTI iliyosambaa kwenye damu.

Wiki moja baada ya mazishi, jibu la mkojo wa koko, ambao maabara walikuwa wameupeleka Nairobi uoteshwe viini, lilirudi. Kijana wa maabara alinipa nipeleke kwenye faili. Nilimuuliza linasema nini, maana nilisoma nikaona maneno marefu tu.

"Linasema viini vya kila aina. Huo si ugonjwa, Mama Mkojo, huo ni uchafu wa kopo. Mkojo huu ulikaa muda gani kabla hamjauleta?"

"Tangu alfajiri."

"Juani?"

Niliitikia kwa kichwa. Hakufanya mzaha tena siku hiyo.

Nililipeleka kwa Sista Njoki, na hapo ndipo nikamwambia habari ya kichwa. Alikaa chini. Akasema, "Faili imefungwa, Mama Nafula." Akaendelea kukaa. "Na ni mimi nilikuwa naweka sahihi kwenye hizo karatasi zako kila asubuhi." Mwaka uliofuata alistaafu. Sijui kama ni kwa ajili hiyo, umri ulikuwa umefika.

Lazima niseme na upande wa pili. Hakuna aliyefungua kichwa cha koko kuangalia. Inawezekana ni damu iliyokuwa inavuja taratibu ndani, inawezekana ni kitu kingine, na hata tungejua asubuhi ile ile huenda angekufa njiani. Hayo yote yanawezekana. Kisichowezekana ni kwamba aliuawa na Naserian kwa kutomwosha.

Daktari Mwende alikuja mwaka uliofuata. Asubuhi yake ya kwanza alisimama mbele ya dirisha langu.

"Nani ameagiza huu mkojo?"

"Ni wa kila siku, daktari."

"Huyu wa kwanza analalamika nini?"

"Halalamiki."

"Na huyu?"

"Halalamiki. Lakini ni mzee."

"Uzee nitauona nikimwangalia usoni." Akaniambia nimwage yote.

Nilimwaga, na nilikasirika mwezi mzima. Nilikuwa nimeamka alfajiri kwa ajili ya ile trei karibu miaka kumi na tano. Lakini alikuwa mvumilivu. Alinieleza kwamba wanawake wazee wengi wana viini kwenye mkojo na hawaumwi chochote, vinakaa tu kama mpangaji mpole, na ukivipiga sindano unamwumiza mgonjwa na kuvifundisha viini kutosikia dawa siku mtu akiihitaji kweli. Alisema mzee akichanganyikiwa, mkojo si mahali pa kwanza. Kunywa amekunywa? Sukari? Ameenda choo? Anaumwa wapi? Dawa gani mpya? Ameanguka? Alipofika hapo nilitoka nje nikajifanya nimeitwa.

Alianzisha kitu kimoja ambacho naona bado mnacho. Kabla ya kuchukua mkojo wowote, andika kwenye kikaratasi maneno ya mgonjwa mwenyewe au ya anayemwuguza, vile alivyoyasema, na daktari ayasome ndipo aagize. Mkebe ukifika maabara bila kikaratasi, unarudishwa. Kijana wa maabara alifurahia kazi hiyo kupita kiasi. "Mama Mkojo, huu ni bubu. Rudi naye akajifunze kuongea." Wodi nzima tukawa tunaiita mikebe bubu. Mwezi wa kwanza nilirudishiwa mingi. Baadaye nikaanza kurudisha mwenyewe kabla sijafika mlangoni. Mipira ya mkojo pia ilianza kutolewa mapema, na kuharisha kwa wodi kukapungua. Sikuhesabu, lakini ni mimi niliyekuwa nafua.

Tena nisiwadanganye. Kulikuwa na mama kutoka Tuala aliyekuja na homa ya kutetemeka, mgongo unamuuma upande mmoja, na sisi tulikuwa tumeogopa kuchukua mkojo kiasi kwamba ilipita siku moja na nusu kila mtu akisubiri mwenzake aseme. Ilikuwa figo kweli. Alipona, lakini ilibaki kidogo tumpoteze. Mtu anaweza kujificha nyuma ya sheria ya kupima, na anaweza kujificha nyuma ya sheria ya kutopima. Ukisikia neno la mgonjwa, lipeleke. Hilo tu ndilo nililo nalo la kuwafundisha, na ningeweza kuishia hapa.

Lakini kuna Naserian.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja kliniki na mtoto mwenye kifua. Ilikuwa imepita karibu miaka minne, lakini alikuwa amezeeka zaidi ya hiyo. Alinitambua kabla sijamtambua. Nikamuuliza habari za nyumbani.

"Wapo. Hawanywi chai yangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanieleza bila kulalamika. Siku ya mazishi Resiato alisema mbele ya wazee kwamba mama yao ameozea mikononi mwa mtu. Tangu siku hiyo mzee, mume wa koko, hali kitu kilichopikwa na Naserian. Alipougua walimhamishia kwa Resiato. Wageni wakija wanasalimu na kupita. Lemayian hakumfukuza. Anakula chakula chake, lakini hajasema neno la kumtetea.

"Labda ni kweli," akasema. "Mwaka ule maji yalikuwa mbali. Nilikuwa namwosha na kikombe kimoja."

Nikasema, "Pole, mama." Nikamwonyesha mahali pa kukaa na mtoto. Nikaenda zangu. Hivyo ndivyo nilivyofanya, imeandikwa kwenye daftari.

Nilimwambia Daktari Mwende wiki hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye hawezi kuapa ni kichwa, lakini anaweza kuapa si usafi, na familia inapaswa kuambiwa na hospitali. Alienda kwa mwenye hospitali. Alirudi uso umebadilika, akaniambia amekatazwa. "Mimi nimekatazwa kama mwajiriwa," akasema. Ilibidi nistaafu ndipo nikaelewa alichoniambia, kwamba aliyestaafu hana wa kumkataza. Au nilielewa na nikangoja, kwa sababu mwajiriwa bado nilikuwa.

Mwezi wa pili wa kustaafu nilimpigia Naserian simu. Akasema nisimwambie chochote kwa simu, nije Jumapili, Resiato atakuwa amemleta mzee nyumbani. Alinisubiri barabarani. Nikamwambia pale pale, nimesimama, yote. Kopo, jua, karatasi iliyorudi, na swali la daktari na nilivyojibu.

Alingoja lori mbili zipite.

"Nilikuambia kichwa," akasema.

"Uliniambia."

"Nimejiuliza miaka minne kama nilisema au nilifikiria tu kusema."

"Ulisema. Ulishika hapa."

Hakulia na hakunishukuru, na ingenishinda kama angenishukuru. Akaanza kutembea mbele yangu. Baada ya hatua chache akasema, bila kugeuka, "Sasa hujasema bado. Kuniambia mimi si kusema."

Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti. Resiato alikuwa amesimama nyuma yake, Lemayian kando. Mzee hajui Kiswahili. Niliposalimu nikamwangalia Naserian atafsiri, maana ndivyo tulivyozoea wodini. Akatikisa kichwa.

"Wakisikia kwa mdomo wangu watasema nimejitetea." Akamgeukia mumewe. "Tafsiri wewe."

Lemayian aliangalia chini, halafu akasogea karibu na baba yake.

Nilisema sentensi moja moja. Nilisema mimi ndiye nilikuwa nachukua mkojo. Lemayian akatafsiri. Nilisema mkojo ule ulichafuka kwenye kopo na kwenye jua, si kwenye mwili wa mama. Akatafsiri. Nilisema mke wako aliniambia habari ya kichwa na mimi sikuifikisha. Hapo alichelewa, kisha akatafsiri.

Resiato akauliza, kwa Kiswahili, "Kwa hivyo nini kilimuua mama?"

"Sijui. Labda damu kichwani. Najua si uchafu."

"Na wewe ulijua lini?"

"Wiki moja baada ya kumzika."

"Wiki moja," akasema Resiato. Aliniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Ukakaa nayo miaka minne, unapanda kazini, unashuka."  Alikuwa na haki. Hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyesema yale maneno mazishini, hapo alikuwa na haki.

Mzee akagonga fimbo chini, akitaka kujua tunasema nini. Lemayian akamwambia wiki moja, miaka minne. Mimi nilikuwa nimemaliza. Nilisimama na mkoba wangu nikingoja kufukuzwa au kuambiwa nikae.

Lakini Lemayian aliendelea kuongea. Alikuwa ameshuka akachuchumaa mbele ya baba yake, anaongea Maa kwa sauti ya chini, jina la mke wake likirudi mara kwa mara, na mzee alikuwa ameacha kugonga fimbo. Resiato aligeuza uso upande wa boma. Nilishangaa, maneno yangu hayakuwa mengi hivyo. Nikamwuliza Naserian polepole kama mume wake amekosea kutafsiri, kama kuna mahali nirudie.

"Ya kwako yameisha kitambo," akasema. Alikuwa hamwangalii mtu mwingine ila mume wake. "Hayo anayosema ni yake."